Bunda la Nne

Kanisa la Walutheri la Ihalawe lilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na matofali yale yalichomwa kwa mivengi, miti mikubwa ya bonde la Lihoma. Miti hiyo ilikuwa imesimama juu ya chemchemi tangu kabla Wajerumani hawajafika. Ilikatwa kwa majuma matatu, watu wakiimba. Wakatoliki wa ng'ambo ya kijito nao walichukua magogo yao ya kujengea shule, kwa hiyo baadaye hakukuwa na wa kumnyooshea mwenzake kidole. Mwaka wa tatu kijito kilikuwa chembamba kama uzi. Mwaka wa tano, ndio huo wa 1952, wanawake walikuwa wakikaa foleni kwenye kishimo na kuchota kwa kata, kisha wanangoja maji yajikusanye tena.

Bwana shamba alikuja kutoka boma la Njombe, akachuchumaa pale kishimoni, akachovya vidole.

"Rudisheni miti," alisema. "Miche nitawapa bure. Lakini ng'ombe wenu wataimaliza kabla haijawafika magotini. Zungushieni seng'enge."

Seng'enge ziliuzwa Makambako, kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na njia panda. Bunda moja lilikuwa shilingi arobaini na tano, na bonde la Lihoma lilitaka mabunda manne.

Waliochaguliwa kuchangisha walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Gideoni Mgaya wa shule ya Walutheri, mtu wa miaka thelathini na mitano aliyejua Kiingereza cha kuandika barua. Wa pili ni Tarsis Mligo, Mkatoliki, mkulima wa ngano. Tarsis alikuwa amepigana vita Burma akarudi na koti zito la jeshi ambalo hakulivua kipupwe wala kiangazi. Mlutheri alishika daftari, Mkatoliki alishika kapu. Walipita nyumba zote sitini na mbili, na kwa sababu walipita pamoja, watu walitoa. Asiyekuwa na shilingi alitoa ngano, au maua makavu ya pareto, au kuku. Bibi Telesia, mjane kiziwi wa kule mlimani, alitoa tetea wake mmoja, kisha akawakimbilia njiani kuwapa na yai ambalo tetea alikuwa amelitaga asubuhi ile.

"Huyu akitudai siku moja," Tarsis alisema, akilifunga yai kwenye kitambaa, "tutamjibu nini, Mwalimu?"

"Tutamwonyesha maji," Gideoni akajibu, wakacheka.

Vitu viliuzwa mnadani Njombe, fedha zikatimia shilingi mia na themanini, akabaki nazo Gideoni.

Wakati huohuo Gideoni alikuwa akimalizia nyumba yake. Alikuwa ameagiza vioo vya madirisha, kama vya nyumba ya mmisionari, vioo vya kwanza katika nyumba ya Mbena yeyote wa Ihalawe. Vilipofika Njombe mshahara wa mwezi ulikuwa umechelewa, na mwenye duka alisema asipovichukua juma lile atampa mwingine. Gideoni akachukua arobaini na tano kutoka kwenye zile za seng'enge. Moyoni hakusema anaiba. Alisema anakopa, na mwisho wa mwezi atarudisha. Mkewe, Ema, alipovifuta vile vioo kwa kanga akauona mlima mzima ndani ya nyumba, alishangilia kama mtoto.

Kumbe siku ya kwenda Makambako ilikuwa imekwisha kupangwa, na mshahara bado. Tarsis ndiye aliyechaguliwa kwenda, kwa kuwa alizoea safari. Gideoni alizishona fedha ndani ya mfuko wa kitambaa cha amerikani, akatia na barua ya Kiingereza kwa mwenye duka: tafadhali toa mabunda manne, zilizopungua nitalipa mimi mwenyewe mwisho wa mwezi. Akaushona mfuko mdomo wote. Akampa Tarsis mbele ya wazee.

"Zimetimia?" Tarsis aliuliza, si kwa shaka, ila kwa desturi ya askari anayepokea zamu.

"Zimetimia," Gideoni alisema.

Siku ya nane lori liliingia Ihalawe likashusha seng'enge. Watu wakakimbilia huko. Gideoni alifika wa mwisho, akayahesabu mabunda yaliyolala kwenye majani: moja, mawili, matatu, manne. Akahesabu tena. Yalikuwa manne.

"Tarsis yuko wapi?" watu waliuliza.

Dereva, mtu wa Iringa asiyejulikana pale, hakuwajibu. Alimvuta Gideoni pembeni ya lori.

"Wewe ndiye Mwalimu? Mwenye mzigo kasema nikuambie hivi: deni la kijiji limekwisha, limebaki letu wawili. Na kasema mkewe utamwambia wewe."

"Nimwambie nini?"

"Alisema unajua."

Lori likaondoka. Gideoni hakujua, na alijua. Alijua kwamba Tarsis ameambiwa yaliyomo kwenye barua. Hakujua bunda la nne limetoka wapi. Na hapohapo Paskalina, mke wa Tarsis, akasimama mbele yake na mtoto mgongoni.

"Mwalimu, baba Marcelino hajapanda lori? Amesema anakuja lini?"

Watu wote wa pande mbili za kijito walikuwa wamemzunguka. Kama angesema neno moja la kweli, lingevuta la pili.

"Hakusema," Gideoni alijibu. "Labda amekwenda Tanga. Wengi wakifika Makambako wanakwenda Tanga."

Akasema "labda", na "labda" ile ilipofika kishimoni ilikuwa imekwisha kuwa "hakika". Kule Makambako kulikuwa na kambi ya manamba, ambako vijana wa nyanda za juu walijiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga. Baadhi yao hawakurudi kwa wake zao. Mwezi mmoja haukupita watu wakawa wanasema Mhindi alimpunguzia Tarsis bei, naye akanywea zilizobaki, akaona haya, akatoroka. Mzee Anania, mzee wa kanisa, alisema hadharani kwamba ndiyo matunda ya kumpa mtu wa Roma mfuko wa jamii. Wakatoliki wakakasirika, wakaacha kuja kuchimba mashimo ya nguzo. Gideoni alisikia yote hayo. Aliendelea kufundisha jedwali la kuzidisha.

Uzio ulikamilika Septemba, miche ikapandwa mvua za kwanza. Mabunda matatu yalizunguka bonde hadi kwenye jiwe kubwa, na la nne lilitoka kwenye jiwe hadi kisiki cha mvengi. Hakuna aliyejua tofauti ila mtu mmoja. Upepo wa Ihalawe hauna adabu, hupiga waya zikalia, lakini kwa masikio ya Gideoni zile za mwisho zililia kwa sauti yao. Alipokuwa na zamu ya kukaza misumari, alifika kwenye jiwe akampa mwenzake nyundo.

Lakini kabla ya mvua hizo, Septemba hiyohiyo, ilikuwa imekuja ile ya dirishani.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, ukungu ulipokuwa umelala mpaka barazani. Gideoni alikaa akisahihisha madaftari, akainua macho. Nje ya kioo alisimama mtu mwenye koti zito, mabega yamepinda kidogo mbele, kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Gideoni akasimama kwa furaha iliyomshangaza mwenyewe. Amerudi! Alifungua mlango. Palikuwa na ukungu tu, na majani yaliyolala kwa umande, wala hapakuwa na alama ya mguu. Ila alisikia kikohozi, kizito, cha kifuani, kikishuka upande wa kijitoni.

"Unamwita nani?" Ema aliuliza kutoka jikoni.

"Sikuita."

"Umeita Tarsis."

Baada ya hapo kila ukungu uliposhuka, alikuja. Hakugonga. Hakutisha. Alisimama tu pale kioo kilipokuwa, upande wa pili wa kitu kilichonunuliwa kwa fedha zile. Gideoni akatundika pazia. Ema akaliondoa, akisema wamenunua vioo waone nje, si wavifiche. Gideoni akahamisha meza. Kikohozi kikahamia upande wa meza. Mshahara ulikwisha kulipwa zamani, na mara tatu alitenga arobaini na tano, na mara tatu alizitia kwenye mahitaji, kwa sababu hakujua ampe nani. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Paskalina alikuwa akipita mbele ya nyumba yake kila siku na ndoo kichwani.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata hakuweza tena. Alisema anakwenda kufuatilia chaki, akapanda lori la ngano hadi Makambako.

Makambako ilikuwa vumbi na baridi pamoja. Malori ya kusini na ya Mbeya yalikutana pale, na watu waliojifunga mablanketi walichuchumaa pembeni wakingoja. Gideoni alikuwa hajatembea hatua mia alipomwona Tarsis. Alikuwa mbele yake kwenye ukungu, na koti lile lile, lenye kiraka cha gunia chini ya kwapa la kushoto alichokishona Paskalina kwa uzi wa bluu. Gideoni akakaza mwendo. Mtu akakata kona nyuma ya maduka. Gideoni akakimbia, akamshika mkono.

"Tarsis!"

Aliyegeuka alikuwa mtu mwingine kabisa, mfupi, mwenye kovu kidevuni.

"Mimi Odilo," yule alisema, akijinasua taratibu. "Mpagazi wa hapa. Lakini koti ndiyo, ni la Tarsis. Wewe ni ndugu yake?"

Gideoni alikaa chini, hapohapo kwenye vumbi. Odilo akamletea chai ndani ya kopo, akachuchumaa naye, akamsimulia kama mtu aliyengoja muda mrefu apate wa kumsimulia.

"Alifika na mfuko umeshonwa. Mhindi akaufungua, akahesabu, akasoma barua. Akasema: fedha hizi ni za mabunda matatu, mwalimu wako anasema la nne atalipa mwisho wa mwezi, na mimi sikopeshi mtu nisiyemjua. Basi rafiki yangu huyo akakaa kwenye ngazi za duka toka asubuhi mpaka jua likageuka. Nikamwambia, chukua matatu urudi, wakaseme na huyo mwalimu. Akaniambia, 'Odilo, nikirudi na matatu, atasemwa nani? Mwalimu ana daftari. Mimi nina nini?'"

"Alisema hivyo?"

"Hivyohivyo. Akasema tena, 'Na wakianza kugombana wao kwa wao, ile chemchemi itakufa.' Nikanunua koti kwa shilingi kumi na tano, ndizo nilizokuwa nazo. Zilizobaki akazifuata kambini, akajiandikisha manamba. Wakampa kishika mkono, fedha za kutangulia, wakampa na blanketi. Blanketi akaliuza pia. Akalipa bunda, akalipakia mwenyewe. Malori ya Tanga yaliondoka kesho yake na yalikuwa wazi. Baridi ya mwezi wa nane unaijua. Nilimwambia avae koti nitamdai akirudi. Alikataa. Alisema ameshauza."

Odilo ndiye aliyemfikisha kambini. Karani, kijana mwenye sweta, alipekua kitabu chake kirefu, akashusha kidole, akasimamisha.

"Tarsis Mligo. Alifariki hospitalini Korogwe, tarehe tisa Septemba. Homa ya mapafu. Aliugua njiani." Akainua macho. "Barua tulituma. Naona imeandikwa misheni nyingine. Imepotea, nadhani."

Tarehe tisa Septemba. Gideoni alirudisha akili nyuma mpaka kwenye ile asubuhi ya kwanza ya dirishani. Ilikuwa juma hilo. Wakati Mzee Anania alipokuwa akimtukana Tarsis mbele ya kanisa, mwenyewe alikuwa tayari ardhini, mbali, kwenye nchi ya joto asiyoizoea.

Aliporudi Ihalawe alikwenda kwa Paskalina kabla hajafika kwake.

"Kamwene, mama Marcelino."

"Kamwene, Mwalimu. Kaa."

Hakukaa. Alimwambia amefika kambini, na kwamba mumewe amefariki tangu Septemba. Hilo tu. Alifungua kinywa aseme lililobaki, lakini Paskalina alikuwa amekwisha kuanguka kwenye majivu ya jikoni kwake, majirani wakiingia mbio kwa kilio chake, naye akawapisha mlangoni. Yalikuwa matanga ya siku nne. Walutheri nao walikuja, wakakaa upande wao. Na hapo matangani, akiwa amejikunyata karibu na moto, Gideoni alimsikia mtu nyuma yake akinong'ona:

"Mungu si Athumani. Amekula cha jamii, kimemtokea puani."

Na mwingine akajibu, "Ndiyo."

Hakugeuka aone ni nani. Alijua kwamba kila mmoja wa nyumba zile sitini na mbili angeweza kuyasema hayo, na kwamba maneno yao wote ameyatia yeye vinywani mwao.

Julai ilipoingia, bwana shamba alileta wageni. Walikuwa wazee kumi na mmoja kutoka Matamba, nao vyanzo vyao vya maji vilikuwa vikikauka, na kila walipotaka kuchanga walishindwa kwa kutoaminiana. Bwana shamba aliwaleta wajionee. Lihoma ilikuwa imeanza kurudi. Maji yalijaza kishimo na kumwagika, miche imefika magotini, seng'enge zimekaza. Kijiji kizima kilikusanyika, hata Wakatoliki, na wanawake walisimama na ndoo zao juu ya mteremko.

"Mwalimu Gideoni," bwana shamba alisema kwa fahari, "waeleze wenzetu. Mlifanyaje hata watu wa madhehebu mawili wakatoa fedha zao, na zote zikafika?"

Gideoni alisimama, mgongo kwenye lile jiwe kubwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua jeupe, hakuna ukungu wowote, na bado alimwona, ng'ambo ya uzio, mabega yamepinda.

"Hazikufika," alisema.

Bwana shamba akacheka kidogo, akidhani ni utani.

"Hazikufika. Mimi nilichukua arobaini na tano. Vioo vile pale nyumbani kwangu ndizo fedha hizo. Nikamshonea Tarsis mfuko pungufu, akaniuliza kama zimetimia, nikamwambia zimetimia. Huku kutoka kwenye jiwe hili mpaka kisiki kile, seng'enge hizi alinunua yeye. Aliuza koti lake. Alijiuza manamba. Akauza na blanketi alilopewa, akashikwa na baridi njiani, akafa. Hakula senti. Hakutoroka. Neno la Tanga nililisema mimi, na nilikuwa najua nasema nini."

Mmoja wa wazee wa Matamba alivua kofia, pengine hakujua kwa nini. Mzee Anania alianza kusema, "Lakini Mwalimu," akaishia hapo.

Paskalina akaweka ndoo chini, akateremka. Watu walimpisha. Alifika mbele ya Gideoni karibu sana.

"Ulijua lini?"

"Ya kifo, mwezi uliopita. Ya fedha, tangu siku ile."

"Nilikuwa napita mbele ya nyumba yako kila siku."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniona kwa hivyo vioo?"

"Nilikuwa nakuona."

Paskalina alimtazama kama anayesoma maandishi ya lugha ngeni. Kisha akapanda mteremko, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Kanisa lilimtenga Gideoni na Meza ya Bwana. Shule ilimwondoa kabla ya mwezi kwisha. Ema aliving'oa vile vioo mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga kwenye majani makavu, vikauzwa Njombe kwa bei ya hasara, akaziba madirisha kwa mbao. Gideoni aliongeza kwenye fedha zile bei ya mbuzi wake wawili, akazipeleka kwa Paskalina akiwa amezishika kwa mikono miwili.

"Hizo ni bei ya bunda," Paskalina alisema bila kuzigusa. "Bei ya baba Marcelino wewe huijui, na mimi siijui. Wape wazee waliowatuma."

"Basi unataka nifanye nini, mama?"

Alikuwa akipepeta ngano. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Pale kijitoni uliwaambia waliokuwepo. Wengine wameambiwa na wengine, na kila mmoja ana lake. Wapo wanaosema umetungiwa maneno na mapadre. Mlipita nyumba kwa nyumba mkiomba. Pita nyumba kwa nyumba useme. Nami nitafuata nyuma nisikie."

Walianza Jumatatu. Gideoni mbele, Paskalina hatua kumi nyuma yake, mtoto mgongoni. Kwenye kila uwanja alisema yaleyale: nilichukua mimi, Tarsis alilipa, hakutoroka. Nyumba nyingine zilimkaribisha, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kutukanwa. Kwa Mzee Anania mlango ulifungwa, akauambia mlango yaleyale. Mtu mmoja, Filemoni mfua vyuma, alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Nilijua. Mwaka jana nilikuona unavyolikwepa jiwe lile. Nami nilinyamaza, sikutaka ugomvi na mwalimu wa watoto wangu." Kisha Filemoni akamgeukia Paskalina, akashindwa kumtazama.

Siku ya tatu walipanda mlimani kwa Bibi Telesia. Alikuwa akiota jua nje ya nyumba yake, mikono mapajani.

"Bibi, nilichukua fedha za seng'enge mimi," Gideoni alisema.

"Eh?"

"Nilichukua mimi! Tarsis ndiye aliyelipa!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yameshakwenda."

Gideoni akavuta pumzi, akapiga kelele, na sauti yake ikavuka bonde: "Nilikula mimi! Tarsis hakula! Tarsis amekufa kwa ajili yetu, nami nilinyamaza!" Kule chini watu waliokuwa wakilima viazi walinyoosha migongo wakatazama juu.

Bibi Telesia aliitazama midomo yake muda mrefu. Halafu akamtazama Paskalina aliyesimama kwenye mlango wa ua. Akainuka kwa fimbo, akamwendea, akamshika mkono, akamketisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akaingia ndani akatoka na togwa kwenye kibuyu. Wanawake wale wawili walikunywa wakipokezana, bila kusema kitu, na mtoto naye akalambishwa.

Gideoni hakupewa, wala hakuambiwa aondoke. Alisimama uwanjani, jua likimchoma utosini, mpaka kibuyu kilipokwisha. Paskalina akajifuta mdomo, akamfunga mtoto vizuri.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa," Gideoni alisema.

"Tangulia."